Chipu Mpya, Injini Kuukuu

Kijana wa mshahara aliyejinyima miaka hata akapata Subaru Impreza ya miaka ya 1990 hakai nayo siku nyingi Sombetini kabla ya kuambiwa kwamba gari lake "limefungwa". Ataelezwa kuwa wenye kiwanda waliibana injini kwa hila, na kwamba akibadilishiwa chipu ndani ya kontrol boksi, au hesabu zilizomo zikiandikwa upya, nguvu zilizofichwa zitatoka. Sisi twaona maneno hayo yana ukweli nusu, na nusu iliyosalia ndiyo inayomla mfanyakazi akiba yake.

Chipu si uchawi. Ni mahali palipowekwa hesabu: cheche ipigwe wakati gani, petroli iingie kiasi gani, na injini ikifika mizunguko mingapi kwa dakika ikatwe. Kikomo hicho hakikuanza na kompyuta. Porsche 911 za zamani zilikuwa na rota ya distribyuta yenye springi, ambayo mwendo ukizidi ilikata cheche yenyewe. Wajerumani wale hawakuwa wakimwonea mnunuzi wao wivu.

Walijua jambo ambalo muuza chipu halitaji. Pistoni hupanda, husimama, kisha huvutwa chini, mara maelfu kwa dakika, na nguvu inayoivuta konrodi haiongezeki sawa na mizunguko, bali kwa mraba wake. Ukitoka mizunguko 7,000 ukafika 8,000 umeongeza sehemu moja tu katika saba, lakini mvuto juu ya konrodi na bolti zake umezidi kwa takriban asilimia 31. Springi za valvu nazo, zikiwa zimechoka, hazirudi upesi. Valvu ikichelewa, katika injini nyingi pistoni huikuta njiani. Yote haya hutendeka ndani ya chuma kilichokwisha kuzunguka zaidi ya miaka 25 mikononi mwa watu tusiowajua, chini ya kioo cha kilomita ambacho mara nyingine hakisemi kweli.

Kwetu Arusha kishawishi ni kikubwa zaidi, na sababu yake ni mlima. Mji wetu uko kadiri ya mita 1,400 juu ya bahari. Hewa ni nyepesi, na injini isiyo na turbo hupoteza kiasi cha sehemu moja katika saba ya nguvu iliyokuwa nayo pwani. Yenye turbo hujitetea, lakini kwa kuizungusha turbo kwa kasi zaidi. Tena magari haya yaliyotengenezwa kwa soko la Japani yalipangiwa petroli ya okteni 100, na petroli ya vituo vyetu haifiki hapo. Basi ikiwekwa chipu iliyopimwa nchi nyingine, kwa hewa nyingine na mafuta mengine, petroli hujilipukia kabla ya wakati, pistoni huvunjika, na injini hunoki. Mwenyewe huanza kutafuta injini ya pili, na mkopo wa ile ya kwanza hajaumaliza.

Wapenda mbio hutujibu kwa kuitaja Safari Rally. Vema, na tuitaje. Bert Shankland, mkazi wa Tanzania, aliishinda mwaka 1966 na tena 1967 kwa Peugeot 404, gari la injini ya lita 1.6. Mwaka 1963, na tena 1968, yalimaliza magari 7 tu. Tope na mawe viliyala mengine. Aliyeshinda huko alikuwa na gari lililofika.

Hatuwapingi mafundi. Fundi awezaye kuzisoma hesabu za kontrol boksi na kuzilinganisha na hewa ya Meru ni mtu wa kuheshimiwa, na vijana wanaojifunza kwake wafundishwe kazi hiyo. Lakini haifai kupandisha kikomo cha injini ambayo hakuipima mgandamizo wa kila silinda, presha ya oili na springi za valvu. Sisi twadiriki kusema kinyume cha desturi: injini kuukuu ishushiwe kikomo, hata kwa mizunguko 500, na mwenye gari hataona tofauti katika barabara za makazi, ambamo sheria haimruhusu kupita kilomita 50 kwa saa na watoto wanavuka. Wala asidhani kikomo kitamwokoa akikosea gia kwenye mteremko. Hapo magurudumu ndiyo huizungusha injini, na kukatwa kwa cheche hakuzuii kitu.

Twapendekeza kwa wenye gereji jambo moja jepesi. Fundi akibadili kikomo, aandike kwenye risiti kilikuwa mizunguko mingapi, sasa ni mingapi, na ni vipimo gani alivyochukua kwanza, kisha atie sahihi. Mteja naye asilipe mpaka aisome.