Siri ya Mhakiki ni Amana ya Mgonjwa

Utafiti kuhusu dawa hupita katika mikono ya watu wengi kabla ya daktari wa Kitui au Kisumu kuutegemea. Miongoni mwao yumo mmoja ambaye hata mwandishi wa utafiti wenyewe hamjui: mhakiki wa jarida la kitaaluma. Huyu ni mtaalamu anayepelekewa mswada na mhariri, akausoma faraghani, kisha akatoa rai iwapo unastahili kuchapishwa. Aghalabu halipwi wala hatajwi. Na maadamu hatajwi, umma hauna njia ya kumwuliza lolote.

Huenda msomaji akashangaa mwalimu wa isimu ana lipi la kusema kuhusu dawa. Naam, mimi si mfamasia. Lakini miswada ya isimu nayo hupita katika mlango huo huo, nami nimeulinda mlango huo kwa miaka kadhaa. Tofauti ni kwamba nikikosea kuhusu kiambishi cha nafsi, hakuna anayezikwa.

Kisa kinachofaa kuzingatiwa ni cha mwaka wa 2007, nchini Marekani. Daktari wa moyo Steven Nissen na mwenzake Kathy Wolski walikuwa wamewasilisha makala kwa jarida la New England Journal of Medicine kuhusu rosiglitazoni, dawa ya kisukari iliyouzwa na kampuni ya GlaxoSmithKline kwa jina la Avandia. Walikuwa wamejumlisha matokeo ya majaribio 42, wakaona kwamba hatari ya mshtuko wa moyo kwa waliotumia dawa hiyo ilizidi ya wenzao kwa asilimia 43. Mhariri akaupeleka mswada kwa wahakiki. Mmoja wao, profesa wa Texas aliyewahi kulipwa na kampuni iyo hiyo kwa ushauri na mihadhara, akautuma kwa faksi kwa mtumishi wa kampuni. Makala ilipotoka tarehe 21 Mei, kampuni ilikuwa imekaa nayo kwa zaidi ya majuma mawili. Umma haukuyajua hayo hadi mwanzoni mwa 2008, yalipofichuliwa kupitia uchunguzi wa Seneti ya Marekani na jarida la Nature.

Wapo watakaosema kwamba makala ilichapishwa vivyo hivyo, na kwamba mjadala kuhusu dawa yenyewe haukuishia hapo. Ni kweli. Ulaya iliisimamisha mwaka wa 2010 na Marekani ikaiwekea vikwazo mwaka huo huo, kisha mnamo 2013 Marekani ikavilegeza vikwazo hivyo baada ya matokeo ya jaribio kubwa kuchunguzwa upya. Hata hivyo, kosa la mhakiki halipimwi kwa jinsi dawa ilivyokuja kuonekana miaka sita baadaye. Kwa majuma hayo, muuzaji alijua jambo ambalo mmezaji hakulijua. Muuzaji alipata nafasi ya kutayarisha majibu, ilhali mgonjwa aliendelea kumeza vidonge vyake asubuhi na jioni.

Lugha yetu ina neno linalofaa hapa kuliko siri, nalo ni amana. Tumelipata kutoka Kiarabu, na mzizi wake ndio uliotupa pia imani, amini na amani. Siri yaweza kuwa yako, na ukiitoa ni shauri lako. Amana ni mali ya mwingine. Aliyekabidhiwa hana ruhusa ya kuitumia, kuiazimisha wala kumwonyesha jirani, hata awe na nia njema kiasi gani.

Mwenye mali hapa ni nani? Kwanza ni mwandishi. Lakini katika makala za dawa kuna mwenye mali wa pili, naye ni mgonjwa. Na ndiyo sababu amana hii haiwi kisingizio cha kunyamaza. Mhakiki anayeona takwimu zinazoelekea kuwa za kubuni, au wagonjwa waliojaribiwa bila idhini yao, ana wajibu wa kusema. Amwambie mhariri. Asiiambie kampuni, wala asiandikie magazeti. Mwongozo wa COPE, kamati ya maadili ya uchapishaji iliyoasisiwa Uingereza mwaka wa 1997, unaelekeza vivyo hivyo.

Kwetu Afrika Mashariki tatizo lina sura nyingine. Wataalamu wanaochunguza mti mmoja wa dawa waweza kuhesabika kwa vidole. Lifiche jina la mwandishi upendavyo, mhakiki atamtambua kwa maabara aliyotumia. Hapo ndipo kesi ya ngedere hupelekwa kwa nyani, au mswada wa mpinzani hukaliwa miezi minane hadi mhakiki amalize wake. Mimi niliwahi kuletewa mswada wa lahaja nikamtambua mwandishi katika ukurasa wa pili. Tulikuwa tukishindania nafasi moja ya kazi. Niliurudisha, lakini nakiri kwamba ilinichukua siku tatu kuamua.

Faksi imepitwa na wakati, ila kishawishi hakijapitwa. Leo mhakiki aliyelemewa na mitihani ya kusahihisha huweza kuutia mswada mzima katika programu ya akili unde, ikamwandikia rai kwa dakika moja, bila yeye kujua maneno yale yamehifadhiwa wapi na nani atayasoma. Taasisi za Kitaifa za Afya za Marekani zilipiga marufuku jambo hilo mwaka wa 2023 kwa wanaohakiki maombi ya fedha za utafiti. Wahariri wetu nao waliandike wazi katika barua ya kwanza kwa mhakiki.

Vyuo vikuu navyo havina budi kujitazama. Mhadhiri hupandishwa cheo kwa makala alizochapisha, si kwa miswada aliyoisoma kwa uaminifu usiku wa manane. Kazi isiyohesabiwa hufanywa kwa haraka au hutupiwa mwanafunzi. Ihesabiwe, na mhariri athibitishe kwa barua. Kuhusu fedha, swali la nani amewahi kumlipa mhakiki liulizwe kabla ya mswada kutumwa, na jibu lake liwekwe katika faili ya jarida, ili siku Bodi ya Dawa na Sumu ikilihitaji, ilipate.