Utafiti wa Haraka na Haki ya Aliyetoa Damu



Mwaka 1994, katika kata ya Kisesa hapa wilayani Magu, wananchi walianza kuombwa damu na kuulizwa habari za maisha yao, ili wataalamu waufahamu mwenendo wa UKIMWI vijijini. Waliokubali ni wakulima, akina mama na vijana wa kawaida. Baadhi yao hatunao tena, lakini taarifa walizotoa zimebaki.

Leo ulimwengu unazungumzia akili mnemba, yaani kompyuta zinazofundishwa kwa wingi wa taarifa hata zikaweza kubashiri mambo. Hatuna sababu ya kuibeza. Programu ya AlphaFold, iliyowapatia Demis Hassabis na John Jumper sehemu ya Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2024, hukadiria kwa muda mfupi umbo la protini, kazi iliyoweza kuchukua miaka maabarani. Watafiti wa Oxford waliitumia kuchunguza protini ya kimelea cha malaria, wakitafuta chanjo ya kuzuia kimelea hicho kisienezwe na mbu. Kwa sisi tunaozika watoto kwa malaria, hiyo ni habari ya matumaini.

Hata hivyo, kompyuta hufupisha safari ya kutafuta dawa ya kujaribu. Haijaribiwi dawa badala ya binadamu. Mwaka 2017 ulianza mkoani Mwanza utafiti wa chanjo ya kuzuia saratani ya mlango wa kizazi. Wasichana 930, wenye umri wa miaka 9 hadi 14, walichanjwa na kufuatiliwa kwa miaka kadhaa. Matokeo yao yalisaidia kuthibitisha kwamba dozi moja hujenga kinga ya kutosha, na mwaka 2024 Tanzania ikaanza kutoa dozi moja badala ya mbili. Hakuna mashine ambayo ingenyosha mkono kwa niaba ya mabinti hao.

Hapo ndipo swali la haki linapozuka. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Taarifa za miili yetu nazo ni mali, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti. Basi, viongozi wa walei, watafiti wanapofika kijijini tuwapokee kwa heshima, nasi tuulize: Je, ridhaa imeombwa kwa lugha ambayo bibi kizee anaielewa? Je, taarifa zikipelekwa kufundishia mashine za mbali, mwenyewe atajulishwa? Je, chanjo ikipatikana, itafika katika zahanati yetu, na kwa bei gani?

Kuuliza hivyo si kupinga sayansi. Mwenye damu ni mshiriki wa utafiti, wala si shamba la kuvunwa na kuachwa. Tuyajadili haya katika jumuiya zetu kabla mgeni hajabisha hodi.