Boneti Imetobolewa, Rejeta Imeziba

Wasee wa Subaru wa Meru na Embu, leo mtanichukia na ni sawa tu. Boneti nyingi zenye matundu tunazoona Makutano wikendi hazipozi injini. Zinapoza roho ya mwenye gari, basi. Chini yake injini inaendelea kuchemka kama sufuria ya githeri, na mwenyewe yuko kando anapigwa picha.

Kabla hamjaanza kunitukana: mimi si wale wazee wanaoona kijana na gari ya sauti wanasema huyo ni mwizi. Niliacha chuo mwaka wa pili, kwa hivyo najua kuhukumiwa kwa macho kunakaa aje. Haya magari nayapenda. Kinachoniuma ni kuona mse anaweka akiba mwaka mzima, ananunua boneti ya fibaglasi, halafu miezi miwili baadaye anauliza kwa gurupu kama kuna mtu anauza injini.

Wacha tuanze na swali ambalo wauzaji hawapendi: hayo matundu yako yanaingiza hewa ama yanatoa?

Hiyo ndiyo hesabu yote. Ile pua iko juu ya boneti ya Impreza WRX ama Forester ya tabo haikuwekwa kupoza injini. Inaelekeza hewa kwa intakula, ambayo Subaru waliiweka juu ya injini. Kazi ya intakula ni kupoza hewa iliyobanwa na tabo kabla haijaingia kwa silinda. Maji ya rejeta hayahusiki hapo hata kidogo. Sasa wewe una Impreza isiyo na tabo, haina intakula, umegundisha pua ya plastiki juu na unaniambia gari "inapumua". Inapumua kupitia wapi, bana? Hiyo ni pua ya kinyago.

Angalia Mitsubishi Lancer Evolution. Intakula yake iko mbele, nyuma ya bampa. Matundu ya boneti yake kazi yake kubwa ni kutoa joto nje. Magari mawili, mahasimu wa miaka, na matundu ya kazi tofauti kabisa. Ukinunua boneti kwa sababu uliona ya jirani, inawezekana umenunua dawa ya ugonjwa wa jirani.

Sasa, boneti ya kutoa joto inaweza kusaidia kweli. Siwezi kuwadanganya kwa hiyo. Hewa inaingia mbele, inapita kwa rejeta, halafu lazima itafute njia ya kutoka. Ikikwama pale ndani, hewa mpya haiingii vizuri, na rejeta inabaki ikipuliziwa hewa iliyochoka. Tobo ikiwa mahali sawa, inafungua mlango wa nyuma. Lakini mahali sawa ni wapi? Gari ikikimbia, sehemu ya mbele ya boneti, nyuma kidogo ya rejeta, huwa na mvuto wa hewa kwenda nje. Karibu na kioo cha mbele ni kinyume: hewa inagonga kioo, inarundikana, na inatafuta pa kuingia. Kwa hivyo tobo lililochongwa karibu na kioo linaweza kurudisha hewa ndani badala ya kuitoa.

Na hapo ndipo naongea na nyinyi mnaoinua boneti kwa nyuma na washa. Nyinyi hasa. Gari ikisimama kwa jam, sawa, joto linapanda na linatoka. Lakini ukishika barabara, ule mwanya uko pale pale hewa inarundikana. Umefungua dirisha upande wa upepo ukitaka moshi wa jikoni utoke. Na ikitokea mafuta yanavuja kwa injini, moshi wake unaingia kwa matundu ya hewa chini ya kioo na unawafikia mkiwa ndani.

Hutaki kuniamini? Nunua uzi wa sufu, kata vipande vifupi, bandika kwa boneti na selotepu, mwambie rafiki aliye kando yako achukue video mkienda mwendo wa kawaida. Mahali uzi unalala vizuri kuelekea nyuma, hewa inapita. Mahali unachezacheza na kugeuka, hewa imechanganyikiwa. Hiyo ni maabara ya shilingi mia. Ni wangapi wamefanya hivyo kabla ya kushika grainda?

Tuje kwa barabara yetu. Meru mjini iko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Huku juu maji ya sufuria huchemka karibu digrii 95, si 100. Injini yako ikiwa na afya inafanya kazi karibu digrii 90. Kinachokuokoa ni kifuniko cha rejeta, kwa sababu kinabana maji yasichemke mpaka yapite digrii 110. Raba ya hicho kifuniko ikichoka na uwe umejaza maji ya mto badala ya kulanti, umebaki na nafasi ya kama digrii tano. Tano! Halafu unateremka Thuchi ama Nithi, unapanda upande ule mwingine umekanyaga mafuta, umefuata lori, mwendo ni mdogo na hewa ya mbele ni kidogo. Hapo tobo la boneti halina la kukusaidia, kwa sababu nguvu yake kubwa ni ya mwendo. Kinachofanya kazi pale ni fani, rejeta safi, themostati inayofunguka na kifuniko kinachobana. Vitu vya bei ndogo. Vitu ambavyo hakuna mtu atakupongeza navyo mtandaoni.

Na ndio maana hatuvinunui. Tuseme ukweli. Hakuna mtu hupiga picha na kifuniko cha rejeta.

Najua mtaniletea Safari Rally. Mtasema Impreza ilishinda Safari 1996 na Kenneth Eriksson, 1997 na Colin McRae, 2000 na Richard Burns, na zote zilikuwa na pua na matundu. Kweli kabisa. Lakini nyuma ya zile gari kulikuwa na timu nzima ya mafundi, vipuri vipya, na mtu ambaye kazi yake ilikuwa kusoma joto. Matundu yalikuja baada ya hesabu. Wewe umechukua jibu la mtihani wa mtu mwingine. Na mkitaka shujaa wa nyumbani, 1993 Patrick Njiru alimaliza Safari wa 12 na Subaru Vivio, kagari ka injini ya sisi 660, akashinda daraja lake. McRae alikuwa na Vivio kama hiyo na hakufika mwisho. Somo ni nini? Safari inaheshimu gari inayofika.

Kuna jambo lingine, na hili si la mzaha. Boneti ya kiwandani ina fremu ya chuma ndani yake na lachi iliyopimwa. Boneti nyepesi ya fibaglasi iliyochongwa mtaani mara nyingi haina hiyo fremu. Ikianza kutetema mbio, lachi inaachilia, na boneti inainuka yote kwa kioo. Huoni kitu. Sasa jiwekee hiyo picha ukiteremka daraja la Nithi. Julai 2022 basi lilitumbukia pale na zaidi ya watu 30 wakafa. Hilo daraja halihitaji usaidizi wetu kuua watu. Kama lazima ufunge boneti ya namna hiyo, weka pini mbili za kuishikilia mbele. Anayekuuzia akisema pini zinaharibu mtindo, ondoka hapo.

Kwa hivyo hii ndiyo ratiba yangu. Kwanza, jua joto la gari yako kwa namba. Subaru nyingi za miaka ya karibuni hazina hata mshale wa joto, zina taa ya bluu na nyekundu tu, na nyekundu ikiwaka mara nyingi tayari umechelewa. Nunua kile kifaa kidogo cha kuchomeka chini ya dashibodi, usome joto kwa simu. Pili, osha rejeta, badilisha kifuniko na themostati, weka kulanti iliyochanganywa vizuri, hakikisha fani zote zinazunguka, na ile plastiki ya chini ya injini mliyoitoa ikawa ya kuanikia nguo, irudisheni. Inasaidia kuongoza hewa. Tatu, panda mlima na usome namba. Zikikaa sawa, umemaliza, hela ya boneti peleka kwa tairi na breki. Zikibaki juu hata baada ya hayo yote, karibu kwa meza ya boneti. Chagua yenye matundu mbele, yanayoangalia nyuma, yenye fremu ndani, na ujue mvua ya Aprili itaingia pale, kwa hivyo linda waya na alteneta.

Na kama unaitaka tu kwa sababu inakaa poa? Nunua. Gari ni yako, doo ni yako, urembo si dhambi. Lakini sema ni urembo. Usimwambie kijana wa miaka kumi na tisa, anayekutazama na gari ya mamake, kwamba inapoza injini. Yeye atakuamini. Atatoboa, atapanda kutoka Runyenjes hadi Chuka bila kuangalia joto, na siku gasketi itakapoungua, bili itaenda kwa mamake na wewe utakuwa unaposti boneti nyingine.

Mnaobisha, msiniletee picha. Nileteeni namba mbili: joto kabla ya boneti na joto baada ya boneti, mlima uleule, siku yenye jua lilelile. Nitaziposti zote, hata zikinipinga.