Miwani inabadilishwa kila mara? Huenda tatizo si simu

Mwanafunzi anabadilishiwa miwani kila baada ya miezi michache, lakini ubaoni bado haoni vizuri. Wengi watailaumu simu. Huenda ni keratokonasi: konea, kile kioo cha mbele cha jicho, inakuwa nyembamba na kuchomoza kama koni.

Mara nyingi huanza umri wa kubalehe. Kupikicha macho kwa sababu ya aleji huongeza hatari.

Tiba ipo. Watafiti wa Dresden, Ujerumani, waliibuni miaka ya 1990. Jicho linawekewa matone ya vitamini B2, kisha linamulikwa kwa mwanga wa urujuanimno. Nyuzi za konea zinashikana na kuwa imara. Utaratibu wa awali huchukua kama saa 1. Marekani iliuidhinisha mwaka 2016.

Sasa shida iko hapa: mwanga huo unazuia ugonjwa usiendelee, ila haurudishi uoni uliokwisha potea. Konea ikishapata kovu kubwa, kinachobaki ni kupandikizwa nyingine.

Kwa mgonjwa wa Ngara au Biharamulo, kufuata bingwa kunaweza kumaanisha safari hadi Bugando, Mwanza. Daraja la Kigongo–Busisi, lililofunguliwa Juni 2025, limeondoa kusubiri kivuko. Lakini daraja halimsaidii kijana ambaye tatizo lake halijagunduliwa.

Ndiyo maana, kabla ya kudai mashine kila wilaya, tudai upimaji wa macho shuleni. Retinoskopu, kifaa kidogo cha mkononi, inaweza kumwonyesha mtaalamu dalili za ugonjwa huu.

Mzazi, namba ya miwani ikipanda kila mara, usinunue nyingine tu. Omba rufaa.