Kiurdu si Mtoto wa Kiajemi

Ukisema Kiurdu kimezaliwa na Kiajemi, wachache watakubishia. Herufi zake ni za Kiarabu zilizopitia Uajemi, mashairi yake yamejaa msamiati wa Kiajemi, na gwiji wake Mirza Ghalib alitunga kwa lugha zote mbili. Tena Kiajemi kilitawala ofisi na mahakama za dola ya Mughal, na Kampuni ya India Mashariki ya Waingereza nayo ikakiendeleza mpaka 1837. Basi kumebaki la kuuliza?

Limebaki, nalo ni sarufi. Mwanamume anayekwenda, Kiurdu humwambia *jata hai*. Mwanamke, *jati hai*. Kiajemi hakijui jinsia kabisa: *u* ni yeye, awe baba au mama, kama ilivyo kwetu. Mwajemi akitaka kusema "nyumbani" hutanguliza kihusishi, *dar khane*. Msemaji wa Kiurdu hukiweka nyuma, *ghar men*, sawa na jirani yake wa Kihindi. Kula, kwenda, kufanya: vitenzi vya kila siku vya Kiurdu na Kihindi ni vilevile. Sokoni hawahitaji mkalimani. Wanaachana kwenye maandishi na kwenye maneno ya kisomi.

Waswahili tusingepaswa kudanganyika hapa, maana nasi tumeambiwa sana kwamba lugha yetu ni Kiarabu kilichochakaa. Kitabu kimetoka Uarabuni, ndiyo, lakini kilipofika pwani kikaingizwa kwenye ngeli, kikazaa vitabu.

Hata hivyo, Kiajemi na Kihindi ni ndugu kweli, ila undugu wao ni wa zamani mno kuliko Mughal na haumo katika maneno ya mkopo. Saba ni *sapta* kwa Kisanskriti, *hapta* kwa Kiavesta, lugha kongwe ya Kiirani. Leo ni *sat* Delhi na *haft* Tehran. Hiyo s kugeuka h haikutokea mara moja kwa bahati. Mto Sindhu, Waajemi waliuita Hindu, na kwa njia hiyo, kupitia Wagiriki, ulimwengu ukapata jina la India.

Wanaodhani kila lugha ya India imetoka kwa Kisanskriti wamekosea kwa namna hiyohiyo. Mwaka 1816 Francis Whyte Ellis, ofisa wa Madras, alionyesha kwamba Kitamil, Kitelugu na Kikannada ni ukoo mwingine, ambao Robert Caldwell aliuita wa Kidravidi mwaka 1856. Kitelugu kimekopa Kisanskriti kwa magunia, lakini saba yake ni *edu*, na ya Kitamil *ezhu*. Kwa nasaba, basi, lugha ya Delhi iko karibu na ya Tehran, hata na ya Dublin, kuliko ya Chennai. Nako Balochistan, nchini Pakistan, Wabrahui wamezungukwa na lugha za Kiirani, wamekopa kwao bila haya, na bado lugha yao ni ya Kidravidi.