Kofia Ibadilishwe, Si Kichwa

Wako wenzetu katika ualimu wanaodai kwamba mwalimu wa Kiswahili hana haja na visanamu vya askari, na kwamba kuvileta darasani, hususa hapa Bugembe, ni kuwachokonoa watu vidonda ambavyo havijapona. Wako na wengine, wapenzi wa visanamu hivyo, wasemao kwamba ili kumpata askari wa Afrika ya Mashariki yatosha kumkata kichwa askari wa Kizungu, kumbandika kichwa chenye tarbushi, kisha kumpaka rangi ya kahawia. Kundi la kwanza tunaliheshimu ingawa hatukubaliani nalo. Kundi la pili tunaliona limepotea, tena limepotea mahali ambapo njia ilikuwa imenyooka.

Yafaa kwanza tueleze kazi yenyewe kwa ajili ya wasioijua. Michezo ya vita ya mezani ni ya zamani huko Ulaya. Mwaka 1913 mwandishi H. G. Wells alichapisha kitabu chake Little Wars, chenye kanuni za kupiganisha askari wa kuchezea sakafuni. Mwaka mmoja baadaye vita vya kweli vikaanza, na vikafika mpaka ukingoni mwa Mto Kagera. Askari wa siku hizo walikuwa wa risasi, watupu ndani, na udhaifu wao ulikuwa shingoni. Kichwa kilipokatika, mtoto alichomeka kijiti cha kiberiti shingoni akakirudisha. Hapo ndipo ilipoonekana kwamba kichwa kinachoweza kurudishwa chaweza pia kubadilishwa.

Visanamu vya leo vingi vina urefu wa milimita 28 hivi, yaani kama pingili moja ya kidole gumba. Hutengenezwa kwa plastiki au kwa madini laini. Fundi hukata shingo kwa msumeno mwembamba, hutoboa tundu kwa keekee ndogo ya mkono, hutia kipande cha waya, hugandisha kichwa kipya kwa gundi kali, na ufa unaobaki huuziba kwa donge la mafungu mawili, la manjano na la buluu, ambalo likikandwa pamoja huwa la kijani na kukauka likawa gumu. (Visanamu vya kale vyenye risasi visipigwe tupa na watoto, kwa kuwa vumbi lake ni sumu. Tumeona walimu wanaolisahau jambo hili.) Ni kazi ya muda mfupi, nayo yapendeza. Hatuna ugomvi na msumeno wala na gundi.

Ugomvi wetu ni juu ya kile kinachotupwa. Fundi anataka kofia, lakini kwa kuwa kofia imeshikamana na kichwa, anakata vyote viwili. Pamoja na kofia inakwenda sura ya mtu. Vichwa vingi vya plastiki vinavyouzwa kwa mafungu vimechongwa kwa sura za Ulaya, na rangi ya kahawia haigeuzi pua wala taya. Tena kiwiliwili kilichobaki chini nacho kinasema uongo wake: kimevaa buti na suruali ndefu, ambapo askari wa King's African Rifles wa mwaka 1914 alivaa kaptura ya kaki na kuzungushia vitambaa miguuni, na mara nyingi alikwenda bila viatu. Matokeo yake ni askari asiyekuwa wa huku wala wa huko. Hatukatai kwamba wako wachongaji waliomchonga askari wa KAR mzima, kutoka utosini hadi unyayoni, kwa uangalifu mkubwa. Hao tunawapongeza. Tunaowasema ni wale wanaoona kwamba uangalifu huo ni wa bure, maadamu kichwa chaweza kununuliwa.

Kwa nini jambo dogo kama hili litushughulishe? Kwa sababu historia ya askari wa sehemu zetu ni historia ya watu wale wale waliobadilishiwa kofia. Tuanze na Wasudani, ambao wazao wao leo tunawaita Wanubi. Walikuwa askari wa serikali ya Misri chini ya Emin Pasha. Mwaka 1891 Lugard akawachukua kuwaleta Uganda kwa jina la Kampuni ya Kiingereza. Kampuni ilipoondoka wakawa askari wa Himaya ya Uganda. Mwaka 1897 baadhi yao waliasi, wakajifungia katika ngome ya Luba, hapa hapa Busoga, wakamwua Meja Thruston aliyekuwa mkuu wao. Kofia tatu, na vichwa ni vile vile. Mishahara kidogo na safari zisizokwisha zilikuwa zimeingia ndani ya vichwa hivyo, wala hakuna kofia iliyoweza kuzitoa.

Ama vita vya 1914 hadi 1918 ndivyo vinavyowafaa zaidi wenye misumeno, na ndivyo vinavyowahukumu. Askari wa Wajerumani alivaa tarbushi iliyofunikwa kitambaa cha kaki, yenye nembo ya tai mbele na pazia la kukinga shingo dhidi ya jua. Askari wa Waingereza naye alikuwa na kofia yake ya kaki isiyo na ukingo, mara nyingi nayo ikiwa na pazia la shingo. Kwa mbali, katika nyasi, si rahisi kuwatofautisha. Kwa masikio ni vigumu zaidi, maana Kiswahili kilisemwa pande zote mbili. Hata vyeo vya ombasha na shaushi, ambavyo ni maneno ya Kituruki yaliyotujia kwa njia ya Misri na Sudani, havikuwa mali ya upande mmoja. Na vita vilipoendelea, Waingereza waliwaandikisha katika KAR askari waliowateka kutoka kwa Wajerumani. Kikosi cha sita, kilichoundwa mwaka 1917, kiliwapokea wengi wa namna hiyo. Mtu alilala na tai kipajini, akaamka hana. Sasa mwenye kisanamu atuambie: katika kumwonyesha mtu huyo, kichwa kipi akitupe? Von Lettow-Vorbeck alipoweka silaha chini tarehe 25 Novemba 1918 kule Abercorn, mji uitwao leo Mbala katika Zambia (wala si Mbale yetu, kama tulivyopata kusoma katika daftari moja la mwanafunzi), walikuwapo pande zote mbili watu waliokuwa wakifahamiana.

Vita vya pili vilileta kofia pana yenye ukingo uliopindwa upande mmoja. Kwa kofia hiyo askari wetu walipita Bonde la Kabaw, Burma, mwaka 1944, katika Divisheni ya 11 ya Afrika ya Mashariki, ambayo alama yake ilikuwa kichwa cha kifaru. Baadaye kikosi cha nne cha KAR kikakaa Jinja. Uhuru ulipopatikana mwaka 1962, kikosi hicho kikawa Uganda Rifles: nembo ya kofia ikabadilishwa, watu wakabaki. Januari 1964 watu hao waliasi katika kambi ya Jinja, wakidai mishahara na maofisa Waafrika, wakamzuia Waziri Onama. Miongoni mwa waliopanda vyeo katika jeshi lile alikuwa Idi Amin, aliyeandikishwa KAR mwaka 1946. Yaliyofuata baada ya mwaka 1971 hatuna haja ya kuwasimulia wasomaji wa Busoga.

Na hapa ndipo tunapokutana na kundi la kwanza, la wenzetu wanaotuonea haya. Wanasema: lugha hii ilisemwa na waliotuibia na kutuua; mkileta askari darasani mnaithibitisha fikra ya kwamba Kiswahili ni lugha ya bunduki. Kauli hiyo haikutoka hewani. Wako wazazi Bugembe ambao neno la kwanza la Kiswahili walilojifunza lilikuwa amri iliyotolewa kizuizini. Lakini Aprili 1979, jeshi la Tanzania lilipovuka penye Bwawa la Owen Falls na kuingia Jinja, lilizungumza lugha gani? Kiswahili kile kile. Wakazi wa kando ya barabara ya kwenda Iganga walisikia lugha moja ikitoka kwa waliokuwa wakikimbia na kwa waliokuwa wakiwafuata. Kwa hiyo anayesema Kiswahili ni cha askari fulani ameitazama kofia, hakumtazama msemaji. Akikatazwa mwanafunzi kuliona jambo hilo darasani, atabaki na hadithi aliyoipata nyumbani, iliyo nusu, na mwalimu atakuwa amekosa nafasi ya kumpa nusu ya pili.

Serikali nazo zimeshiriki mchezo huu. Mwaka 1973 Amin alikitangaza Kiswahili kuwa lugha ya taifa. Mwaka 2005 Katiba ikarekebishwa, kikawa lugha rasmi ya pili. Mwaka 2022 Baraza la Mawaziri likakubali kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Mwuza samaki wa Masese, aliyekuwa akikisema tangu ujana wake kwa wateja wake, hakuongezewa wala hakupunguziwa neno na tangazo lolote kati ya hayo.

Basi, tunataka nini? Tunataka mwenye kisanamu amwache askari na kichwa chake. Achukue kisanamu cha askari Mwafrika, apunguze kofia kwa kisu na tupa taratibu mpaka utosi uonekane, kisha amfinyangie kofia mpya kwa donge la kijani. Tarbushi ni rahisi, ni mkebe mdogo na kishada. Pazia la shingo ni karatasi ya donge iliyobanwa kwa kijiti kilicholoweshwa maji. Kofia ya Burma ndiyo inayosumbua, kwa kuwa ukingo mwembamba huvunjika. Umalize upande uliopindwa kwanza. Kazi yachukua jioni nzima badala ya dakika kumi, na asiye na jioni hiyo na acheze na askari wa nchi nyingine.

Asiyeweza kupata visanamu vya dukani na atumie udongo wa kufinyangia, kama tulivyofanya sisi. Tena kwa udongo ndipo tulipoweza kumtengeneza yule ambaye masanduku ya wachezaji mara nyingi humsahau, naye ndiye aliyekuwa wengi: mpagazi. Wapagazi waliokufa katika vita vile vya kwanza wanakadiriwa kupita 90,000, wengi wao kwa maradhi na njaa. Walioandikishwa na Waingereza waliitwa Carrier Corps, na kutoka jina hilo tukapata Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi. Mpagazi habadilishwi kichwa. Mzigo wa kilo 25 umekaa juu yake, mkono umeinuliwa kuushika, shingo imekaza. Ukikata pale, unakata mzigo, mkono na mtu kwa pamoja.

Katika somo lile tuliwapa wanafunzi askari mmoja na kofia tatu za udongo, tukawataka waandike habari zake kwa kitenzi cha kuvaa na minyumbuliko yake. Wengi waliandika kwamba askari alivaa kofia ya Mjerumani, akaivua, akavaa ya Mwingereza. Msichana mmoja wa nyuma aliandika kwamba alivikwa, akavuliwa, akavikwa tena. Wenzake wakasema amekosea, kwa kuwa kisanamu kilikuwa kimesimama peke yake mezani na hakuna aliyekigusa. Ubishi ulikula dakika zote zilizobaki, na kengele ilipolia tulikuwa bado hatujasahihisha madaftari.