Mali ya Kajiado isilale katika boma moja

Anayesafiri kutoka Kitengela kwenda Isinya na hatimaye mji wa Kajiado hana haja ya kuuliza watu wa huko huweka akiba yao wapi. Mabango ya kuuza ploti yamejipanga kando ya barabara ya Namanga mithili ya askari wa gwaride. Mwalimu akipokea mkopo wa chama cha akiba na mikopo, hununua ploti. Mfanyakazi wa viwanda vya Athi River akistaafu, hununua ploti. Na mfugaji akikosa karo, huuza ekari moja ili huyo wa kwanza na huyo wa pili wapate pa kununua.

Sina ugomvi na ardhi. Ardhi ni heshima, ni makao, ni mahali pa kuzikwa. Ugomvi wangu ni na mazoea ya kuweka kila shilingi katika kitu kimoja, mahali pamoja. Nasema, bila kuuma maneno, kwamba mazoea hayo ni mageni hata kwa wenyeji wa Kajiado wenyewe, na kwamba wakati umewadia wa kurejea hekima ya zamani kwa kutumia vyombo vya kisasa.

Mfugaji Mmaasai wa nyanda za Kaputiei alijua kugawa hatari kabla benki yoyote haijafungua mlango katika sehemu hizo. Alifuga ng'ombe, kondoo na mbuzi pamoja, kwa kuwa mbuzi hustahimili kiangazi kinachomwangusha ng'ombe. Alihamisha mifugo kufuata mvua. Isitoshe, kupitia uhusiano uitwao osotua, watu walisaidiana kwa mifugo kadiri ya haja, hivi kwamba aliyepatwa na ukame au maradhi alikuwa na mlango wa kubisha. Mali iliyotawanyika hivyo haikuweza kumalizwa na baa moja.

Mambo yakabadilika. Sheria ya mwaka 1968 ilileta ranchi za vikundi, na kuanzia miaka ya 1980 ranchi hizo zikaanza kukatwa vipande, kila mwanachama akipewa hatimiliki yake. Mji wa Kitengela ukapanuka, ua ukafuata ua, na njia za mifugo na wanyamapori zikafungwa. Wapo waliojaribu kutafuta njia ya kati. Tangu mwaka 2000, mpango mmoja wa uhifadhi ulianza kuwalipa wenye ardhi wa Kitengela dola 4 kwa ekari kwa mwaka ili wasijenge ua wala kuuza, na malipo yakapangwa yaambatane na majira ya karo. Lakini dola 4 haziwezi kushindana na bei ya ploti iliyo kando ya lami, na wengi waliuza.

Mauzo hayo ndiyo yanayonitia wasiwasi. Ekari huuzwa mara moja tu. Fedha zake zikinunua gari na kulipa karo za miaka miwili, kizazi cha tatu hakitakuwa na ardhi wala fedha. Mnunuzi naye hayuko salama kama anavyodhani. Oktoba 2023, hapo jirani Mavoko, nyumba za watu zilibomolewa katika ardhi iliyokuwa ya kampuni ya saruji ya East African Portland. Wengi waliobomolewa walidai kwamba walinunua kwa fedha zao halali. Aliyekuwa ameweka akiba ya maisha yake yote pale aliondoka na godoro na sufuria.

Hata pasipo ubomoaji, tazama hali ya mkazi wa kawaida wa Kitengela. Mshahara wake unategemea viwanda na biashara za Nairobi na Athi River. Nyumba yake iko Kitengela. Ploti ya pili iko Kitengela. Vyumba anavyopangisha viko Kitengela, na wapangaji wake ni wafanyakazi wa viwanda vilevile. Kiwanda kikifunga, au maji yakiadimika kuliko yalivyo sasa, mshahara, kodi ya nyumba na bei ya ploti vitaanguka siku moja. Huyu anajihesabu kuwa na mali nne. Mimi namhesabu kuwa na mali moja yenye majina manne.

Sasa nije kwenye vyombo vya kisasa. Kuna mifuko ya uwekezaji inayouzwa katika soko la hisa kama hisa za kawaida, ambayo madalali huiita ETF. Mfuko wa namna hii hununua hisa za kampuni nyingi, au dhamana, au dhahabu, kisha umiliki wake hukatwa vipande vidogo na kuuzwa kwa yeyote. Mingi hufuata fahirisi, yaani orodha ya kampuni inayopima mwendo wa soko, na haimlipi bingwa wa kubahatisha kampuni itakayopanda kesho. Kwa sababu hiyo gharama zake huwa ndogo. Marekani ilipata mfuko wake wa kwanza wa aina hii mwaka 1993, na leo wafanyakazi wa kawaida huko huutumia kuwekea akiba ya uzeeni.

Kwetu, mlango ulifunguliwa mwaka 2017, pale mfuko wa dhahabu wa NewGold ulipoorodheshwa katika Soko la Hisa la Nairobi. Mwaka 2025 Mamlaka ya Masoko ya Mitaji iliidhinisha mwingine, Satrix MSCI World, unaofuata fahirisi ya kampuni kubwa za dunia. Mwaka huohuo soko liliondoa sharti la kununua hisa 100 kwa uchache, hata mwenye fedha kidogo akaweza kununua hisa moja. Orodha ni fupi, naam, lakini mlango si wa matajiri pekee tena.

Je, mtu achague vipi? Nashauri maswali matatu, na yeyote asiyeweza kuyajibu asitoe hata senti.

Swali la kwanza: ndani ya mfuko mna nini? Wingi wa majina usikuhadae. Fahirisi ya MSCI World ina kampuni zaidi ya 1,300 kutoka nchi 23 zilizoendelea, lakini takriban asilimia 70 ya uzito wake ni Marekani, na Afrika haimo kabisa. Kadhalika, anayetaka mfuko wa kufuata soko letu la Nairobi akumbuke kwamba Safaricom peke yake hushika sehemu kubwa mno ya thamani ya soko hilo, na sehemu kubwa ya inayosalia ni ya mabenki. Dhahabu nayo haizai. Haina riba wala gawio, na bei yake hufuata dunia na dola. Inafaa kuwa kipande kidogo cha akiba, kama mtu anavyoweka gunia moja la nafaka kwa ajili ya njaa.

Katika swali hilohilo mna suala la sarafu. Mapema mwaka 2024 dola moja ilifikia takriban shilingi 160, na kabla ya mwaka kuisha ikarudi karibu na 129. Aliyekimbilia mali za dola kwa hofu, wakati wa kilele, alipoteza karibu moja kwa tano ya fedha zake za Kenya kwa mabadiliko ya sarafu peke yake. Anayenunua kidogo kidogo kila mwezi, kwa miaka mingi, hapigwi dharuba kama hiyo.

Swali la pili: gharama ni kiasi gani? Tuchukue mfano wa hesabu tu. Shilingi 100,000 zikikua kwa asilimia 10 kwa mwaka, kwa miaka 20, hufika takriban 673,000. Mwenye mfuko akikata asilimia 2 kila mwaka, utabaki na 466,000. Akikata nusu ya asilimia, utabaki na 614,000. Tofauti hiyo ya karibu shilingi 150,000 haikuliwa na ukame wala mwizi. Ililiwa na karatasi ambayo hukuisoma. Ongeza hapo ada ya dalali, na uulize pia kama mfuko huuzwa na kununuliwa mara kwa mara, kwani usiopata mnunuzi siku unayohitaji fedha hauna tofauti na ploti isiyo na barabara.

Swali la tatu: Mamlaka ya Ushuru huchukua nini? Hapa ndipo wengi wa Kajiado hulala usingizi. Tangu Januari 2023, faida ya kuuza ardhi au jengo hutozwa asilimia 15, kutoka asilimia 5 ya awali, ijapokuwa kuna misamaha, kama vile kwa nyumba ambayo mwenyewe ameishi na kwa mashamba fulani ya nje ya miji. Mnunuzi hulipa ushuru wa stempu wa asilimia 4 mjini na 2 mashambani. Kodi ya nyumba za makazi hutozwa asilimia 7.5 ya mapato yote tangu Januari 2024, kwa anayepata kati ya shilingi 288,000 na milioni 15 kwa mwaka, hata kama mabomba yalipasuka na ukatengeneza kwa gharama yako. Upande wa pili, faida ya kuuza hisa katika Soko la Nairobi haitozwi ushuru huo wa asilimia 15, na gawio la kampuni za Kenya hukatwa asilimia 5 tu.

Dhamana za serikali nazo zina ngazi zake. Riba ya dhamana ya chini ya miaka 10 hukatwa asilimia 15, na ya miaka 10 au zaidi hukatwa asilimia 10. Dhamana za miundomsingi zimekuwa zikisamehewa kabisa, na ile ya Februari 2024 ilitoa riba ya zaidi ya asilimia 18. Riba kama hiyo haiji kila mwaka, na sheria za kodi hubadilika, kwa hiyo soma masharti ya kila toleo. Lakini tangu mwaka 2023 Benki Kuu imeweka mtambo wa DhowCSD, ambao humwezesha mwananchi kununua dhamana kwa simu kuanzia shilingi 50,000 bila kupanga foleni jijini.

Neno moja kwa wanaoshawishiwa kununua mifuko ya Marekani moja kwa moja kupitia simu. Gawio la huko hukatwa asilimia 30 kwa mkazi wa Kenya, kwa kuwa hatuna mkataba wa kodi na Marekani. Baya zaidi, mgeni akifariki akiwa na mali za Marekani zinazozidi dola 60,000, serikali ya huko inaweza kudai kodi ya urithi. Mifuko iliyosajiliwa Ireland hukatwa asilimia 15 kwa gawio hilohilo, wala kodi hiyo ya urithi haiigusi. Haya si mambo ya kugundua siku ya matanga.

Najua nitakavyojibiwa. Nitaambiwa kwamba ardhi huonekana kwa macho, na hisa ni hewa. Nitakumbushwa mwaka 2008, watu walipokopa kununua hisa za Safaricom kwa shilingi 5, na mwaka uliofuata zikashuka chini ya shilingi 3. Nitakumbushwa kampuni ya madalali ya Nyaga, iliyoanguka mwaka huohuo na machozi ya wateja wake. Majibu hayo yana uzito na siyadharau. Lakini waliopata hasara kubwa ni waliokopa, walioweka yote katika kampuni moja, na waliouza kwa hofu. Hao walikuwa wamerudia kosa la ploti kwa jina jingine. Na dawa ya dalali mwovu ni kuhakikisha kwamba hisa zako zimeandikwa kwa jina lako mwenyewe katika hifadhi kuu, na kwamba kampuni unayoipa fedha ina leseni ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji. Anayekuahidi faida ya hakika kila mwezi, mkimbie. Wakenya walikwisha kulia vya kutosha kwa mitego ya upatu ya mwaka 2006 na 2007.

Simshauri yeyote auze ardhi ili anunue karatasi. Namshauri yule ambaye tayari ameuza, au anayekaribia kununua ploti ya tatu, atulie. Kwanza atenge fedha za miezi sita za matumizi mahali zinapopatikana haraka. Kisha sehemu ya inayobaki iende kwenye dhamana za serikali, na sehemu nyingine, ile isiyohitajika kwa miaka 10 au zaidi, iende kwenye mfuko mpana wa gharama nafuu. Mifuko miwili iliyo tofauti kweli inatosha. Kumi inayobeba kampuni zilezile ni mapambo.

Wajibu hauwezi kuachiwa mwananchi peke yake. Maelezo ya mifuko hii yameandikwa kwa Kiingereza cha mawakili. Mamlaka husika na iwalazimishe wauzaji kutoa maelezo kwa Kiswahili sanifu, na huko Kajiado kwa Kimaa pia, yakitaja wazi kilichomo, gharama na kodi. Bodi za ardhi zinazoketi kuidhinisha mauzo huuliza, kwa haki kabisa, kama mke amekubali. Ningependa ziulize swali moja zaidi mbele ya mke huyo na watoto wake: fedha hizi zitalala wapi usiku wa leo, na katika maboma mangapi?